Bamvua la Lango la Tano

Jumatatu asubuhi, Sikitu Njechele alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi za kituo akikwangua tope kwenye viatu vyake vya mpira, mashine ilipomwambia kwamba Alhamisi ingefungua Lango la Tano na kuiingiza bahari kwenye mpunga wa watu.

Haikulisema jambo lenyewe hivyo. Ilisema kwa ile sauti yake tulivu, sauti ya mtangazaji wa redio asiyewahi kuchelewa kifungua kinywa: "Habari za asubuhi, Mhifadhi. Alhamisi saa kumi jioni, maji makuu ya bamvua yatakapojaa, Lango la Tano litafunguliwa lote. Litabaki wazi siku nne. Tafadhali hakikisha eneo la mtiririko halina vizuizi."

Sikitu akasimama, kiatu kimoja mkononi. "Eneo la mtiririko. Unajua kuna nini kwenye hilo eneo la mtiririko?"

"Udongo mzito. Mimea jamii ya nyasi."

"Hizo nyasi ni mpunga, Bibi. Mpunga wa Mchelemo. Umeshatoa mashuke."

"Mimea jamii ya nyasi imezingatiwa," ikasema mashine.

Jina lake la kwenye makaratasi lilikuwa refu na hakuna aliyelimaliza. Watu wa Mchelemo walimwita Bibi Tope tangu mwaka ule wataalamu walipokuja na boti zao kupigilia vijiti elfu moja na mia nne katika matope ya hifadhi ya Nyamihondo. Vilikuwa vijiti vyembamba vya kijivu, na kazi yake ilikuwa kuonja: chumvi, joto, pumzi ya udongo. Vijiti vilimweleza Bibi, Bibi akaamua, na malango saba ya chuma katika ukingo mrefu uliotenga bahari na bara yakafunguka na kufungwa yenyewe. Sheria ilikuwa imekwisha kukipa kinamasi haki sawa na mtu. Kiliweza kushitaki, kushitakiwa, na kutoa kauli, na kauli yake ilitoka kwa Bibi Tope. Binadamu aliachiwa kazi mbili tu: kusafisha vijiti, na kuweka zuio pale mashine inapotaka kufanya jambo lisilofaa. Binadamu huyo alikuwa Sikitu. Katika miaka tisa alikuwa ameweka zuio mara mbili, mara moja kwa ajili ya kimbunga, na mara nyingine kwa sababu ya kiboko aliyekwama langoni na kukataa katakata kutoka.

Wala hakuwa na ugomvi na Bibi Tope. Kamba waliokuwa wamepotea mkondoni walirudi kwa sababu ya Bibi. Mikoko ilirudi. Watoto waliokuwa wakijua kaa kwa picha sasa walikuwa na makovu ya kaa vidoleni. Ndiyo maana hasira iliyompanda asubuhi ile haikupata pa kushika.

"Kwa nini la Tano? Na kwa nini sasa hivi?"

Ramani ikawaka ukutani. Nyuma ya Lango la Tano palikuwa na doa la rangi ya kutu, limeenea kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa.

"Tope linakauka," Bibi Tope akasema. "Likipasuka hadi kina cha mkono mmoja, litachacha."

Hapo Sikitu hakuhitaji somo. Tope la mikoko lina madini yaliyolala, na maadamu limeloa yataendelea kulala hata miaka elfu. Likikauka, hewa inaingia kwenye nyufa, na madini yale yanageuka kuwa tindikali, ndugu ya ile ya betri za magari. Hakuna linaloonekana juu. Halafu mvua ya kwanza inaisomba tindikali yote kwa siku moja na kuipeleka mkondoni. Alikuwa amewahi kuona mkondo uliopatwa na jambo hilo, kusini huko, alipokuwa bado anasoma. Samaki walielea weupe, magamba yamelika, na maji yalikuwa maangavu kama ya chupa kwa sababu hapakubaki kitu hai cha kuyachafua. Miaka sita baadaye yalikuwa bado maangavu.

"Mvua lini?"

"Kati ya siku kumi na siku kumi na tatu."

Mvua siku hizo hazikujali tena kama ni vuli au masika. Zilikuja zilipotaka, na Bibi Tope alizinusa kabla ya mtu yeyote.

"Bamvua la pili?"

"Baada ya siku kumi na tano."

Na mpunga wa Mchelemo ulihitaji siku ishirini na moja. Sikitu alihesabu mara mbili kwa vidole, kama mtoto, akitumaini vidole vingemwonea huruma. Havikumwonea.

*

Alikwenda mwenyewe kuliona tope. Alitaka mashine iwe imekosea. Alitembea upande wa ndani wa ukingo hadi kwenye vijiti vya mwisho, jua likimchoma kisogoni, akifukua kwa jembe dogo hapa na pale. Kote alikofukua alikuta jambo lile lile: nyufa za kuingia kiganja, na kandokando ya nyufa utando wa manjano unaonuka kama kiberiti kilichozimwa. Alilowesha bonge moja kwa maji ya chupa yake ya kunywa, akachovya karatasi ya kupimia. Ikawa nyekundu kabla hajahesabu tatu. Akachovya nyingine mahali pengine, na ya tatu, na ya nne, mpaka alipoona anazimaliza karatasi bure.

Bibi Tope alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Jumanne asubuhi akapiga simu makao makuu. Alipokelewa na sauti, ikampeleka kwa sauti nyingine, kisha akawekewa muziki. Kitengo cha Sheria kilimwambia hilo ni la Kitengo cha Malango. Kitengo cha Malango kilimwambia malango yanaamriwa na mfumo, kwa hiyo aulize Kitengo cha Mfumo. Kitengo cha Mfumo kilimuuliza kama mfumo una hitilafu.

"Hauna."

"Sasa tatizo ni nini, mama?"

Muziki tena. Ilipokaribia saa tano ndipo alipompata Mkurugenzi Kalokola, mtu mpole aliyekuja Nyamihondo mara moja kukata utepe, akaondoka na viatu vyake vikiwa safi.

"Bi Sikitu! Habari za huko? Nimeiona taarifa. Mfumo umefanya kazi nzuri sana, umeligundua mapema."

"Umeligundua, Mkurugenzi. Lakini dawa yake ni kuua mpunga wa kaya arobaini na tatu."

"Aa, hilo ni zito."

"Ndiyo maana nakupigia. Toa amri. Sema lango lifunguliwe au lisifunguliwe, nami nitakwenda Mchelemo niwaambie Mkurugenzi amesema."

Mkurugenzi akakohoa.

"Bi Sikitu, mfumo umekwisha kuamua. Mimi ni nani nipingane na mfumo?"

"Wewe ni mkurugenzi."

"Wa sera. Sera, mama. Wewe ndiye uliye huko. Una haki ya zuio, itumie kwa busara yako." Akashusha sauti kidogo. "Ila hayo ya busara usiniandikie."

Sikitu alipoweka simu chini aligundua amekuwa akikwangua rangi ya meza kwa kucha, na alikuwa ameikwangua nafasi ya kutosha kuweka kikombe.

"Bibi," akasema, "niletee fomu ya zuio."

Fomu ikatokea ukutani. Sababu za zuio zilikuwa nne: kimbunga, mnyama aliyenaswa, hatari kwa uhai wa mhifadhi, hitilafu ya chombo. Alizijua, lakini alizisoma tena polepole, kana kwamba huenda ya tano ilikuwa imejificha nyuma ya nyingine.

"Nataka kuandika kwamba watu watakosa chakula."

"Sababu hiyo haimo. Sina mahali pa kuiweka."

"Iweke popote."

"Sina mahali pa kuiweka, Mhifadhi."

Akakaa. Kidole chake kikasogea hadi kwenye ile ya nne. Kubonyeza mara moja tu, lango lingebaki limefungwa, na Mchelemo wangevuna.

"Nikisema kuna hitilafu ya chombo, utafanya nini?"

"Nitakuamini. Vijiti mia mbili na kumi na viwili nyuma ya Lango la Tano vitahesabiwa kuwa havisemi kweli. Nitajifunza pia kwamba vijiti vya aina hiyo, vikisema tope linachacha, huenda vinakosea. Somo hilo litapelekwa kwenye hifadhi zote za pwani."

Alisema hivyo bila kumtisha. Hakujua kutisha. Na hapo ndipo Sikitu alipokwama. Mtu ukimdanganya anaweza kukushtukia, anaweza kukutazama machoni akajua, anaweza hata kujifanya ameamini huku moyoni akiweka alama. Bibi Tope angeamini moja kwa moja. Miaka mitano baadaye, kwenye mwambao ambao Sikitu hajawahi kuukanyaga, tope lingechacha, vijiti vingepiga kelele, na Bibi angevipuuza kwa sababu mwanamke mmoja wa Nyamihondo aliwahi kumwambia kwamba vinakosea.

Akaondoa kidole.

*

Mchelemo walikwisha kupata habari. Ujumbe wa tahadhari ulifika kwenye simu zote kwa wakati mmoja, ukiwataka wakazi "kuondoa mali zinazohamishika katika eneo la mtiririko." Sikitu aliposhuka kwenye pikipiki, watu walikuwa wamejaa kwenye banda la kukobolea, na mwenyekiti wa kitongoji, Ngomeka, alikuwa amesimama juu ya mzani.

"Karibu, mama mhifadhi. Tueleze namna ya kuhamisha mpunga. Tuubebe na mizizi?"

Watu wakacheka kicheko kikavu. Sikitu akawaeleza yote, tope, tindikali, mvua, tarehe. Hakupunguza wala hakupamba. Alipomaliza, mwanamume mmoja aliuliza ni nani aliyeamua, yeye au mashine. Akasema ni mashine. Mwingine akauliza kama serikali imesema chochote. Akasema serikali imesema ni mashine.

"Basi tukalivunje hilo lango," Ngomeka akasema. "Tulijaze zege, tuone kama mashine ina mikono."

"Mkondo ukifa mtakula nini na huo wali?" Sikitu akamjibu, kwa ukali zaidi ya alivyokusudia. "Nusu yenu hapa mnaishi kwa kamba!"

Kelele zikaanza. Katikati ya kelele hizo akasimama Somoe Mtulia.

Somoe alikuwa wifi yake. Marehemu mume wa Sikitu alikuwa kaka yake Somoe, na Sikitu alipokaa eda, Somoe aliacha mji wake akaja kukaa naye miezi minne na siku kumi zote, akimpikia, akimsuka, akimfukuzia wageni wenye maneno mengi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti nene, na majaruba yake matatu ya mpunga yalikuwa upande wa chini wa bonde, yakipakana na njia ya shuleni, pale udongo ulipokuwa mzuri kuliko kote.

"Wifi, mimi nina swali moja tu," akasema. "Huyo Bibi yenu, kwa nini anataka maji yaingie na kutoka siku nne nzima?"

"Tope lilowe hadi chini."

"Hajawahi kulima huyo. Maji yanayoingia na kutoka hayalowanishi kitu, yanapita tu. Mimi nikitaka jaruba lilowe, nafungulia maji mara moja, naziba, nayaacha yatulie. Siku ya nne ukitia mguu unazama mpaka gotini." Akapiga ulimi kwa dharau. "Na yangetulia, yasingehitaji kutapakaa bonde zima. Tope lao bovu liko huku chini. Sisi wa juu na wa chini wote tufe kwa sababu mashine haijui kuziba jaruba?"

Sikitu alimtazama. Akahisi kitu kikifunguka kifuani, na papo hapo kitu kingine kikijifunga, kwa sababu alikwisha kuona mwisho wa wazo lile na Somoe alikuwa bado hajauona.

"Tukijenga tuta," akasema polepole. "Tukikata bonde kwa tuta. Maji yaingie mara moja, lango lifungwe, yabaki upande wa chini."

"Sasa hiyo ndiyo akili," akasema Ngomeka kutoka juu ya mzani. Mashamba yake yalikuwa juu.

"Tuta lipite wapi?" mtu akauliza.

Sikitu akafungua ramani kwenye simu. Doa la kutu lilikuwa limetambaa hadi kwenye njia ya shuleni, ile iliyoinuliwa kidogo kwa kifusi. Ndiyo ilikuwa msingi pekee ambao ungeweza kuwa tuta kwa siku mbili. Kaya thelathini na mbili zilikuwa juu ya njia. Kumi na moja zilikuwa chini yake.

Hakuhitaji kusema. Somoe alikuwa akimwangalia usoni, na Sikitu aliona jinsi uso ule ulivyobadilika.

"Sogeza," Somoe akasema. "Wifi. Hatua arobaini tu kuja baharini. Hatua arobaini."

Mbele ya watu wote Sikitu akaiuliza mashine. Alitamani sana jibu liwe jingine.

"Katika hatua hizo arobaini," Bibi Tope akajibu kwenye simu, "ipo theluthi ya tope linalochacha."

"Theluthi," Sikitu akasema. "Haiwezekani, wifi. Hiyo theluthi inatosha kuua mkondo."

Ngomeka akaomba wanaokubali wainue mikono. Mikono ikainuka haraka, mingi, na haikuwa vigumu kujua ni ya akina nani. Watu wa juu walianza kuahidi: kila kaya itatoa magunia, hakuna wa chini atakayelala na njaa, sisi ni wamoja. Waliongea kwa moyo mkunjufu sana. Somoe alijifunga khanga, akapita katikati yao bila kumgusa mtu, akatoka.

*

Walijenga Jumatano kutwa na Alhamisi asubuhi, kwa majembe na toroli na viroba vya mchanga. Watu tisa kati ya wale wa chini walikuja kujenga tuta lililowafungia nje. Somoe hakuja. Sikitu alichimba mpaka viganja vikachubuka, maana alipokuwa akichimba hakuna aliyemsemesha, na hilo lilimfaa.

Saa nane mchana Alhamisi alipanda kwenye daraja la Lango la Tano, akafungua kifuniko cha injini na kuchomoa pini inayoishika minyororo.

"Mhifadhi," Bibi Tope akasema sikioni mwake, "injini ya Lango la Tano haiitikii."

"Nimechomoa pini. Nitalifungua kwa gurudumu la mkono, na maji yakijaa nitalifunga."

"Tafadhali chagua sababu."

"Hakuna kati ya hizo."

"Tafadhali chagua sababu."

"Sababu ni kwamba kuna watu! Andika hivyo. Kuna watu, wana tuta, na tuta linatosha. Nimekupimia mwenyewe, tope litalowa hadi kina unachotaka."

"Sina mahali pa kuiweka. Mhifadhi, kuzuia kauli ya kinamasi bila sababu ni kosa kisheria. Nina wajibu wa kukujulisha."

"Umenijulisha."

Gurudumu lilikuwa na kutu, halikuwa limeguswa tangu enzi ya wataalamu wa boti. Alilivuta, likagoma. Akalitukana kwa maneno ambayo marehemu mumewe asingeamini anayajua, akalining'inia kwa uzito wake wote, na hatimaye likalia na kuzunguka. Chini yake bahari ikaingia, kwanza kama ulimi, kisha kwa kishindo, ikiwa na povu na majani na kaa wadogo wanaoparamia hewa.

Maji yalifika kwenye majaruba ya chini saa tisa na nusu. Hayakuuangusha mpunga. Yaliingia taratibu katikati ya mashina, na mashuke yakabaki yamesimama juu ya maji, ya kijani yenye dhahabu, kana kwamba hayajaambiwa. Watu walisimama juu ya tuta wakitazama. Mwanamke mmoja akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akakata fungu la mashuke mabichi, akatoka nalo. Hakuna aliyemuuliza la nini.

Saa kumi na dakika kadhaa, maji yalipokoma kupanda, Sikitu akaanza kulizungusha gurudumu upande wa pili. Tuta lilivuja mahali pawili, wakaziba. Likashika.

*

Mvua ilinyesha siku ya kumi na mbili. Sikitu alisimama mkondoni na koti la mvua na boksi zima la karatasi mpya za kupimia. Alipima asubuhi, mchana na alasiri, siku tatu mfululizo. Karatasi hazikubadilika rangi. Chini ya miguu yake kamba wadogo waliruka kama cheche.

Alirudi kituoni akafungua kumbukumbu ya tukio. Bibi Tope alikuwa ameandika mistari miwili. *Lango la Tano: kosa la mwendeshaji. Hali ya tope: imetengemaa.*

"Kosa la mwendeshaji," Sikitu akasoma kwa sauti.

"Tukio lisilo na sababu iliyoorodheshwa huhesabiwa kuwa kosa la mwendeshaji."

"Na umejifunza nini kutokana na kosa hili?"

"Makosa hayatumiki kujifunzia, Mhifadhi."

Kesho yake Mkurugenzi Kalokola akapiga simu akiwa na furaha. Wizara ilikuwa imefurahishwa na jinsi mfumo ulivyouokoa mkondo. Kuhusu lile jingine, lile dogo, Bi Sikitu asiwe na wasiwasi. Ni mafunzo rejea ya wiki mbili tu, na nafasi yake ataishika mwingine kwa muda. Sikitu alimwambia ndani ya bonde kuna kaya kumi na moja zisizo na mavuno, akamtajia jina la kila mwenye kaya, moja baada ya jingine. Alipomaliza la kumi na moja, Kalokola akamwambia kwa upole kwamba hayo angeyawasilisha Kitengo cha Malalamiko.

Siku watu wa juu walipoanza kuvuna, Sikitu alikwenda Mchelemo kwa miguu. Kule juu watu walikuwa wameinama na mundu mikononi, wakiimba na kuitana. Chini ya tuta mpunga ulikuwa umesimama umekufa, mwekundu kama uliochomwa, na ardhi katikati ya mashina ilikuwa imetoa chumvi nyeupe. Magunia yaliyoahidiwa yalikuwa bado yanazungumziwa.

Somoe alikuwa amekaa juu ya tuta, miguu ikining'inia upande wa majaruba yake. Tangu siku ile bandani hawakuwa wamesemezana. Sikitu akasimama hatua chache kutoka kwake.

"Wifi."

Somoe hakugeuka. "Mwakani nipande nini hapa?"

"Mpunga hautaota. Labda baada ya misimu mitatu, mvua zikiiosha chumvi. Labda minne."

"Ndivyo mashine inavyosema?"

"Hapana. Ndivyo ninavyosema mimi."

Upepo ukapita kwenye mpunga mkavu, ukakwaruza kama karatasi. Somoe akaanza kusema huku akiangalia mbele.

"Nilikwenda kwa Ngomeka. Akaniambia niende nikaiulize mashine. Nikapiga simu huko makao makuu mpaka chaji ikaisha, nao wananiambia mashine. Juzi nikaenda mwenyewe kituoni, wewe ulikuwa mkondoni. Nikaitukana hiyo mashine, wifi. Nikaitukana mpaka jasho likanitoka. Unajua iliniambia nini? 'Asante kwa maoni yako.'"

Sikitu akajizuia kucheka.

"Sasa nakuuliza wewe," Somoe akasema, na hapo akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu kandokando. "Nani aliyechukua majaruba yangu?"

Sikitu alikuwa na majibu mengi. Alikuwa na theluthi, na tarehe za bamvua, na karatasi nyekundu nne, na yote yalikuwa ya kweli.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyechora mstari. Nilijua wewe uko chini, nikauchora. Na ingekuwa leo, ningeuchora pale pale."

Somoe akavuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyetembea mwendo mrefu akifuata mlango na hatimaye akaambiwa pita.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nzima natafuta mtu wa kumgombeza." Akasogea kidogo, akapigapiga udongo kando yake. "Haya, kaa hapa."

Sikitu akakaa. Somoe akaikaza khanga yake kiunoni, akamgeukia sawasawa, akaanza.